Jeto Sitini na Tatu

Kabla hujamuuliza mama ana mizigo mingapi, muulize mtoto wake analilia nini. Hilo ndilo neno la kwanza nililofundishwa kazini. Kama mtachoka kusoma hapa hapa, basi mmeshapata lililo kubwa, na karatasi zilizobaki fungieni mikate. Nimestaafu mwezi uliopita. Nyie vijana wa mizigo pale uwanja wa ndege wa Bangboka mkanishika mkono: "Mama Zaina, andika, usiondoke na kazi yote kichwani." Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuja vimechelewa, mishahara mara nyingine haikuja kabisa, na hayo mnayajua bila mimi.

Nilianza mwaka wa uhuru. Si kwenye ndege. Nilianza bandarini, kwenye konsini, yaani chumba cha kutunzia mizigo ya abiria. Siku zile safari ya familia ilikuwa safari kweli. Masua, meli ya mtoni, ilipanda kutoka Leopoldville siku nyingi hadi hapa Kisangani, na hapa maporomoko yanaukata mto. Anayekwenda Kindu ashuke, alale mjini, avuke kwa bac, yaani feri, hadi Lubunga upande wa kushoto, apande treni ya Ubundu, kisha atafute masua nyingine. Sasa mwazeni mama mwenye watoto wanne, sanduku la chuma, godoro, sufuria na kuku. Atalala wapi na vitu vyote vile? Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu: kutunza mpaka aondoke, au kumpelekea pale alipofikia. Tulipeleka kwa pusipusi, gari la mkono la magurudumu mawili, hadi Kabondo, hadi Mangobo, hadi mlangoni.

Mzungu aliyekuwa mkuu wa konsini aliondoka wiki chache baada ya uhuru. Aliacha funguo kwenye msumari, kofia ya majani, na daftari lenye mwandiko mzuri sana. Tonton Saleh, kaka yake mama yangu, aliyekuwa amesukuma pusipusi tangu sijazaliwa, akazichukua funguo. Hakuna aliyemteua. Wasafiri walikuwa wanagonga mlango, na yeye alijua kila kitu kilipo. Barua ya kumteua ilikuja baadaye, imekosea jina lake. Hakuisahihisha, akasema mtu aliyetajwa mle akija atampisha.

Mimi aliniajiri kwa sababu ya nepi. Msicheke. Siku ile nilikuwa nimemletea chakula, nikamkuta anabishana na mama mmoja kaunta. Mama amekumbatia furushi, hataki kuliachia.

"Mama, lete tuweke."

"Apana, papa. Iko vitu ya mutoto na vitu yangu ya ndani. Siwezi kumupa mwanaume."

"Sasa utalala nayo kichwani?"

"Nitalala nayo."

Nikaweka sahani chini, nikanyoosha mikono. Yule mama akanitazama juu mpaka chini, akanipa furushi. Lilikuwa la maji maji na linanuka maziwa yaliyochacha. Nikalifungua, nikafua nepi pale nyuma kwenye bomba, nikazianika kwenye kamba inayotazama mto. Jioni zilikuwa kavu, zimekunjwa. Tonton alikuwa ameshamaliza chakula. Akafuta mdomo, akasema, "Kesho uje saa kumi na mbili na nusu. Uje na sabuni." Huo ndio mtihani wangu wa kazi, na hakuna mwingine niliofanya tena.

Tangu siku hiyo nyuma ya konsini palikuwa na kamba ya nepi. Wakubwa wa kampuni walisema inaaibisha bandari. Tonton akajibu kwamba mzigo wa mtoto ukiingia umelowa, siku ya pili utaleta siafu, na siafu watakula hadi ngozi ya valizi, masanduku ya safari ya wakubwa. Kamba ikabaki.

Alinifundisha mengi yule mzee, mengine kwa kunifokea. Godoro liwekwe limesimama, lisilale. Sufuria ifungwe mfuniko kwa kamba, kwa sababu mama huficha mule vitu asivyotaka mumewe avione. Po ya mtoto, chombo chake cha haja, isiwekwe konsini kamwe. Iende na familia, juu ya pusipusi, hata kama baba anaona haya kutembea nyuma yake. Na kila mara swali lile: "Mama, mutoto wako atalilia nini leo magaribi?" Kuna aliyelilia mto. Kuna aliyelilia kijiko cha mti. Kuna mmoja aliyelilia kopo tupu la sardini, na mama yake alikuwa amelifunga katikati ya sanduku, tukafungua sanduku zima. Kitu cha kulilia hakipewi namba. Kinawekwa juu kabisa, na kinafika kabla ya vyote. Ukisahau, familia nzima haitalala, na asubuhi watakuja kukuamkia kwa hasira, na watakuwa na haki.

Kesi ngumu? Kuku. Mama mmoja aliweka kuku siku tatu, kuku akataga mayai mawili. Mayai ni ya nani? Wapakiaji wakasema ni ya konsini, kwa sababu kuku alikula unga wetu. Tonton akafikiri muda mrefu, akasema yai linafuata jeto ya mama yake. Tukayaweka kwenye kofia ya Mzungu mpaka mwenyewe alipokuja. Kofia ile haikupata kazi nyingine maishani mwake.

Sasa niwaeleze jeto, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyokosa. Jeto zetu zilikuwa vipande vya shaba, vya mviringo, vyenye tundu. Kila namba ilikuwa na jeto mbili zinazofanana. Moja inafungwa kwenye mzigo, ya pili anapewa mwenye mzigo. Akirudi, tunazilinganisha. Zikilingana, chukua na safari njema. Mzigo usio na jeto hauna mwenyewe, hata ukiujua ni wa dada yako. Tonton alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa hilo.

Nami nikalivunja hilo, kwa mikono yangu miwili.

Ilikuwa mwaka ule wa maasi, wiki moja kabla waasi hawajaingia mjini. Masua ilileta mama mmoja mwembamba, anakwenda Kindu kwa mumewe aliyekuwa mwalimu huko. Alikuwa na sanduku, furushi la vitambaa, na cherehani ya mkono ndani ya kasha lake la mbao. Cherehani ile aliipapasa mara mbili kabla ya kuiachia. "Mudogo yangu," akaniambia, "hii njo shamba langu. Kule Kindu hatuna kitu ingine. Ukiipoteza, batoto hawa watakula mawe." Watoto wenyewe walikuwa wasichana wawili wa miaka minne, mapasa, yaani pacha, Mbo na Mpeya, wamevaa gauni za kitambaa kimoja. Ndiyo maana kila mtu alimwita Mama Mapasa, hata masuani.

Nikamuuliza swali letu: watalilia nini?

"Hawa? Hawa hawalilii kitu. Wanalilia kitu ya mwenzake." Akacheka. "Andika mizigo yote unavyotaka. Lakini mizigo hii miwili yenye miguu, hii siachi konsini."

Nikatoa jeto sitini na tatu. Ya kwanza nikampa mama. Mbo akaiona inang'aa, akaidaka. Mpeya akalia. Si kulia kwa kawaida. Alilia mpaka wapakiaji wakatoka kutazama. Mama akageuka kwangu akiwa amekasirika kweli: "Mudogo, hujui? Mapasa hawapewi kimoja! Ukimupa huyu, mupe na huyu. Sivyo watagonjwa, na kosa itakuwa yako."

Nilijua. Nani hajui? Mapasa hupewa sawa na hupewa pamoja, la sivyo unaita balaa. Na nilikuwa na jeto ya pili mkononi, inafanana na ya kwanza, namba ile ile, inang'aa vile vile. Nikampa Mpeya.

"Apana," mama akasema. "Rudisha zote mbili. Sasa bapokee pamoja. Mukono huyu, mukono huyu. Mara moja."

Nikazichukua tena, nikawapa kwa mikono miwili, mara moja. Wakanyamaza. Mama yao akachomoa uzi, akazifunga shingoni mwao, moja kwa huyu, moja kwa huyu. Na mizigo? Nikaandika 63 kwa chaki kwenye sanduku na kwenye kasha la cherehani, nikajiambia kesho nitamwambia Tonton. Kesho yake hakuniuliza, nami sikusema. Mvua ikanyesha, paa la kona ile lilikuwa linavuja, chaki ikaenda na maji.

Treni ya Mama Mapasa haikuondoka. Kwanza walisema kesho, kisha keshokutwa, kisha hapakuwa na mtu wa kusema. Nikawachukua nyumbani kwetu Kabondo, tukawapa chumba cha nyuma. Siku moja tukasikia milio ya bunduki, na mchana wake mji ukawa na wakubwa wapya. Walikuwa wapiganaji wenye dawa mwilini na miiko mingi: wasiguswe na mwanamke, wasile hiki, wasigeuke nyuma. Sitasimulia yote niliyoyaona miezi ile. Kuna wasafiri walioweka mizigo kwetu na hawakurudi kuidai, na mpaka leo nikikumbuka namba zao moyo unaniuma.

Chakula nyumbani kikapungua. Asubuhi moja Mama Mapasa akafunga kitenge, akasema, "Zaina, twende nichukue shamba langu. Nitashona, tutakula." Tukaenda naye bandarini, na wale wawili mbele yetu wakirukaruka, jeto zinagonga vifuani.

Tulikuwa ndio tumefika kaunta, Komanda wa wale wapiganaji akaingia. Alikuwa mtu mrefu, amefunga majani kichwani, nyuma yake wapiganaji sita. Inasemekana kabla ya vita alikuwa karani mahali fulani, nami naamini, kwa sababu kitu cha kwanza alichoomba ni daftari. Akaligeuza kurasa taratibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Bon," akasema. "Sisi hatuko wezi. Muzigo yenye jeto iko ya raia, hatugusi. Yenye hakuna jeto iko ya serikali. Mutoe inje."

Wapiganaji wakaanza kupita safu kwa safu, wanainua kamba na kutazama. Hii ina jeto. Hii ina jeto. Tonton Saleh amesimama wima, anajivunia kazi yake, maskini. Wakafika kona inayovuja. "Komanda! Sanduku hii, hakuna. Na hii kasha, hakuna."

Tonton akageuza kichwa, akanitazama. Miaka minne nilikuwa nimefanya naye kazi na hajawahi kunitazama vile.

Mpiganaji akabeba kasha la cherehani begani. Mama Mapasa akapiga kelele, "Ile iko yangu!" akataka kumshika, nikamvuta kwa nguvu, kwa sababu angemgusa yule mtu pale pale tungekuwa maiti. Komanda akauliza bila kupandisha sauti:

"Mama, jeto iko wapi?"

Yeye analia tu. Mimi ndiye niliyejibu. "Komanda, jeto ziko. Zote mbili ziko kwa wenyewe." Nikawasukuma watoto mbele.

Akainama. Akatazama jeto ya Mbo: sitini na tatu. Akatazama ya Mpeya: sitini na tatu. Akafungua daftari, akakuta sitini na tatu, sanduku, cherehani. Karani mzima ndani yake akaamka.

"Sasa hii ni kazi gani? Jeto moja ingekuwa kwa muzigo! Nani aligawa zote mbili?"

"Mimi, Komanda."

"Juu ya nini?"

"Ni mapasa, Komanda."

Jamani, natamani mngemwona. Alirudi nyuma hatua mbili. Wale sita nyuma yake wakarudi hatua tatu, na aliyebeba cherehani akaishusha polepole. Bunduki hazikuwatisha, mvua ya risasi walisema inageuka maji, lakini kukutana na mapasa mikono mitupu, tena umeshika vitu vyao, hapana. Ukikutana na mapasa unatoa zawadi. Hilo halina vita wala amani.

Komanda akapekua mifuko. Risasi. Kiberiti. Kitambaa. Mwisho akatoa chungwa, moja, akalinyoosha.

"Apana," akasema Mama Mapasa, na machozi yangali mashavuni. "Moja haifai."

Nilifikiri ametuua. Komanda akalitazama chungwa, akawatazama watoto, akasema, "Ni kweli, mama." Akamtuma mpiganaji mmoja mbio sokoni. Basi tukangoja. Upekuzi wote ukasimama, wakubwa wapya wa mji wamesimama bandarini wanangoja chungwa. Mbo akaketi juu ya sanduku lao la risasi, Mpeya akamsukuma ili naye aketi. Chungwa likaja. Lilikuwa dogo kuliko la kwanza. Mpeya akaliona akakunja uso, na mpiganaji yule, jasho linamtoka, akarudi sokoni tena bila kuambiwa.

Alipoleta la tatu, Komanda akapima machungwa kwenye viganja, akaridhika. Mama Mapasa akamwelekeza alivyonielekeza mimi: "Mukono huyu, mukono huyu. Mara moja." Mtu aliyetisha mji mzima akapiga goti, akatoa kwa mikono miwili, mara moja. Watoto wakasema merci.

"Vitu ya mapasa visiguswe," akaamuru.

Hapo Tonton Saleh akakohoa. "Komanda, kona hii yote ni yao."

Kona ile ilikuwa na mizigo ya watu wengine ambayo kamba zake zilikuwa zimeoza kwa mvua na jeto zikadondoka: magodoro, baiskeli mbili, kitanda cha mtoto, mikeka saba. Komanda akaitazama.

"Mapasa wako na vitu mingi."

"Wanapewa viwili viwili, Komanda," Tonton akasema, bila kupepesa jicho.

Wakaondoka. Tulikaa chini sakafuni, sote, tukacheka mpaka tukalia, na Tonton alicheka kuliko sisi. Kisha akafuta macho, akaniletea kisanduku cha jeto zote zilizobaki, na limau na majivu. "Zisugue," akasema. "Moja moja. Na kwa kila moja useme inafungwa wapi." Nilisugua siku mbili. Mpaka leo nikishika shaba kidole changu kinatafuta tundu.

Mama Mapasa alishona kwetu miezi yote ile. Alishona mpaka suruali za wapiganaji, alizipokea kwa ncha ya fimbo ili asiwaguse, nasi tukala lituma, ndizi za kuponda, na samaki kwa mshono ule. Njia ilipofunguka, tuliwasindikiza na pusipusi hadi bac, cherehani juu kabisa, ndiyo iliyokuwa kitu cha kulilia. Nilitaka kuzichukua jeto. Tonton akanizuia mkono. "Wewe uliwapa. Unataka kuwanyang'anya mapasa leo, tena juu ya maji?" Bac ikavuka, na wale wawili wakinipungia. Katika daftari, mbele ya sitini na tatu, nikaandika: *haijarudi.*

Kila mwaka mkaguzi alikuja, aliniuliza sitini na tatu iko wapi, nami nilijibu iko kwa wenyewe. Tonton alifariki akiwa mzee, konsini ikafungwa masua zilipopungua, nami nikahamishiwa Bangboka. Huko mlinikuta. Mnajua mnavyonicheka ninapoinama kumuuliza mtoto wa abiria analilia nini. Sasa mnajua nilikolipata swali hilo. Mmenisaidia kubeba vitanda vya watoto na vigari vyao, na tangu siku ile valizi ya maziwa ya mtoto ilipokwenda Goma peke yake, naona na nyie mmeanza kuuliza.

Siku yangu ya mwisho nilikuwa kwenye dirisha la mizigo iliyopotea. Ndege ilikuwa imeshateremsha watu, nami nafunga daftari. Wakaja wanawake wawili wa makamo, wamevaa kitenge cha aina moja, kila mmoja na mtoto mgongoni.

"Mama, kule bandarini walituambia uko huku, sisi tumekuja kurudisha kitu," mmoja akasema.

"Mama yetu alituagiza kabla hajafa," akasema wa pili. "Alisema kule Kisangani kuna mutu anahesabiwa kosa juu yetu."

Kila mmoja akafungua kiganja. Shaba ilikuwa imekwisha kulika, lakini namba ilisomeka. Nikanyoosha mkono kwa aliyekuwa karibu, naye akafunga kiganja haraka na kumtazama mwenzake, na mwenzake amekunja uso. Ule uso wa chungwa dogo! Miaka yote ile, ule ule!

Basi nikaweka kalamu chini, nikanyoosha mikono miwili, nikapokea mara moja.

Daftari la Bangboka halina mahali pa jeto za bandarini. Lina safu ya mizigo iliyopotea na safu ya iliyopatikana. Nikaandika kwenye ile ya pili, na ndiyo mstari wangu wa mwisho kazini, mtaukuta: *Namba 63. Mizigo miwili yenye miguu. Imefika salama.*